Ini la Mtu Asiyekunywa

Kilichomuuma Liévin Kalenga kuliko tumbo lenyewe ni kuitwa mlevi.

Alikuwa na buvette, baa ndogo, pale mtaani Kamalondo, hilo hakulikana. Chupa za bia alizofungua maishani mwake hazihesabiki. Lakini tone la pombe halikuwahi kupita kooni mwake. Wengine wakinywa bia ya Simba, yeye alikaa nyuma ya kaunta na kikombe cha chai kavu, akiwatazama wanavyogeuka polepole kutoka watu wenye akili kuwa watu wenye nyimbo. Mkewe Albertine alikuwa uani akichoma maini ya mbuzi kwa pilipili, na ndiye aliyeyaona macho ya mumewe asubuhi moja, pale mlangoni penye mwanga, yamekuwa manjano kama ganda la ndizi mbivu.

"Baba Lydie, angalia huku."

"Niangalie nini?"

"Macho yako."

"Sasa macho yangu nitaangalia na nini?"

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Jiji la Lubumbashi lilikuwa bado linajipangusa vumbi la uporaji wa mwaka uliotangulia, ule ambao wanajeshi waliuanza na raia wakaumalizia. Maduka mengi ya mjini yalikuwa yamebaki kuta. Wafanyakazi wa migodini walilipwa ahadi. Bei ya bia, ambayo Liévin alizoea kuiandika kwa chaki ukutani, ilibadilika asubuhi na mchana mpaka akaacha kuiandika, akawa anawanong'oneza wateja sikioni kama mtu anayepeleka habari ya msiba. Katika hali hiyo, nani alikuwa na nafasi ya kuumwa? Liévin alikaza mkanda. Kisha akaulegeza, kwa sababu tumbo lilianza kujaa huku mikono na mashavu yakikauka, na kila jioni homa ikampandia bila kukosa.

Daktari wa kwanza waliyemwona alikuwa kijana mwenye haraka. Alibonyeza tumbo, akafunua kope, akauliza:

"Kazi?"

"Niko na buvette."

"Aa," akasema daktari.

Hiyo "aa" Liévin hakuisahau. Alirudi nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo. "Mama Lydie, umesikia vile alisema? Aa! Kama muntu anafunika chungu. Hata hakuniuliza kama minakunywaka."

Dada yake mkubwa, Hortense, ambaye alimwita Yaya, hakusaidia. Huyo alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, mama wa kanisa, mwenye sauti ya kufika mpaka mtaa wa Kenya bila kupanda gari. Alifika na sufuria ya bukari, yaani ugali, akamtazama mdogo wake, akatikisa kichwa.

"Liévin, baba yetu alikunywa mishahara yake yote, tulimjua. Kama na weye unakunywa kwa kujificha, ungama tu. Pombe tutaiombea."

"Yaya, sikunywake!"

"Basi tumbo hii umeitoa wapi? Sokoni?"

*

Docteur Rodrigue ndiye wa kwanza aliyemwamini. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye koti lililofuliwa mpaka likapoteza rangi, na alifanya kazi katika hospitali moja ya mjini ambako hata vitasa vya milango vilikuwa vimeporwa. Hakuuliza habari ya pombe. Aliomba damu, ya mume na ya mke. Siku ya majibu aliwaketisha wote wawili, akafunga mlango kwa kuegemeza kiti, akawaambia taratibu kwamba damu ya Albertine ilikuwa safi, na ya Liévin ilikuwa na virusi vya sida, yaani ukimwi.

Nje, mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Docteur," Liévin akasema hatimaye, "kwa hiyo haiko pombe?"

Albertine alitamani kumfinya. Yeye alikuwa na swali lake moja, la lini na wapi na nani, lakini alilikunja akaliweka chini kabisa ya mengine, kama mtu anavyoweka kitenge cha matanga. Tena alijionea haya kuwa mzima. Ilikuwa kama kula mbele ya mtu mwenye njaa.

Docteur Rodrigue hakucheka. Alieleza kwamba sida peke yake haijazi tumbo namna ile. Mtu mwenye virusi hivyo ini lake linaweza kuugua kwa njia nyingi: homa ya ini ya zamani, kansa, tuberculose, yaani kifua kikuu, iliyojificha, hata pombe kwa anayekunywa. "Ukiwa nje, zote zinafanana. Makohozi yako tumepima, hayana kitu. Kama ni kansa, nitakwambia urudi nyumbani ukae na watu wako. Kama ni tuberculose, iko na dawa, na dawa hiyo masista wa misheni bado wanayo. Lakini siwezi kukupa kwa kubahatisha. Inaweza kuua ini ambalo limechoka kwa sababu nyingine. Ni lazima niangalie."

"Utaangalia namna gani?"

"Laparoscopie." Akafungua kabati lake mwenyewe, lenye kufuli tatu, akatoa bomba jembamba la chuma linalong'aa, refu kama mwiko wa bukari, lenye kioo mwisho. Alikuwa amelificha nyumbani kwake siku za uporaji, chini ya kitanda cha mama mkwe wake, ambapo hakuna mwanajeshi aliyethubutu kufika. "Tunatoboa tundu dogo karibu na kitovu, tunaingiza hii, ninaliona ini kwa macho yangu, nakata kipande kidogo kama punje. Hakuna kupasua."

"Basi fanya kesho," akasema Liévin.

Docteur akalirudisha bomba kabatini. "Ndani ya tumbo kuko giza, papa. Bomba ninalo. Taa yake waliibeba."

Ndipo alipoieleza taa hiyo: sanduku la chuma la kijivu, zito, lenye jicho moja la duara mbele na feni inayokoroma nyuma, na mwanga mweupe kama wa fundi wa kuchomelea vyuma. Mwanga huo husafiri ndani ya waya maalumu mpaka kwenye ncha ya bomba. Waya alikuwa nao. Sanduku lilitoka hospitalini kichwani mwa mtu siku ya pili ya uporaji, na tangu hapo wagonjwa kadhaa walikuwa wamerudi nyumbani bila kujua wanaumwa nini.

Liévin alijifunga shati. Albertine hakusimama. Alikuwa anafikiri juu ya sanduku la kijivu lenye jicho moja, linalokoroma.

"Docteur," akasema, "hiyo kintu mi naijua. Kila Jumamosi inacheza rumba."

*

Buvette ya Kalaba ilikuwa barabara ileile, nyumba chache mbele. Kalaba alikuwa mwanamume mnene, mchangamfu, mwenye kofia ya ngozi jua au mvua, na tangu uporaji alikuwa amewapokonya akina Liévin nusu ya wateja kwa sababu ya taa moja. Aliitundika darini, akaifunika kwa kipande cha beseni jekundu la plastiki, na ukumbi wote ukawa kama Paris, au kama watu wa Kamalondo walivyodhani Paris ilivyo.

Albertine alikwenda mchana, wakati wa watu wachache. Watu wachache wenyewe walikuwa saba au wanane, wakicheza dama kwa vifuniko vya chupa. Alphonse fundi cherehani alikuwa miongoni mwao, na Alphonse akijua jambo ni kama redio imelijua.

"Mama Lydie!" Kalaba akapaza sauti. "Karibu! Leo kwenu bia imeisha?"

"Ba Kalaba, nimekuja kwa heshima. Hiyo taa yako ni ya hospitali. Docteur anaihitaji."

"Miye niliinunua. Sokoni, mbele ya bantu. Kama iko ya hospitali, hospitali ikuje."

"Iko mugonjwa anaingoja."

"Mugonjwa gani?"

Alikuwa ameandaa uongo njiani, wa mama mmoja mjamzito wa Kampemba. Ulikuwa uongo mzuri, wenye jina na mtaa. Lakini Kalaba alikwishageukia wacheza dama, anacheka.

"Mi namujua mugonjwa. Muzee Liévin! Anakunywa nyuma ya mulango, ini inaoza, halafu munataka nizime mwangaza wa bantu kwa ajili ya mulevi. Chai! Miaka yote anatuambia ni chai!"

Wakacheka wote. Alphonse alicheka mpaka akapangusa macho. Albertine akahisi uso wake unawaka, na ule uongo wa mama wa Kampemba ukamponyoka asijue ulikoenda.

"Hakunywake," akasema. "Iko na sida."

Kifuniko kimoja kilianguka mezani, kikazunguka, kikatulia. Kule nyuma mtu mmoja alianza kusema ule utani wa siku zote, kwamba sida ni ugonjwa wa kubuniwa ili kuwavunja moyo wapendanao, lakini hakuumaliza.

"Na taa?" Kalaba aliuliza, sauti imempungua. "Taa inaenda kufanya nini?"

"Kuangalia ndani ya tumbo yake."

"Ndani?" Kalaba akatazama juu darini. "Na mbele ya kuja hapa, ilishaangalia ndani ya bantu bengine?"

"Bengi."

Hapo Albertine angeweza kuwaeleza kwamba sanduku lenyewe halimgusi mgonjwa, kwamba ni mwanga tu unaoingia, na mwanga haubebi ugonjwa. Docteur alikuwa amemweleza vizuri. Alifungua mdomo. Kisha akamwona Kalaba anavyojifuta viganja kwenye suruali, akaufunga.

"Toa," Kalaba akasema. Alipanda kwenye kiti mwenyewe, akang'oa nyaya, akaishusha taa kwa kuishika na kitambaa cha meza, beseni jekundu likiwa bado limening'inia. "Toa hapa. Beba. Beba na kitambaa, sitaki kitambaa."

"Na siye tulicheza chini yake," Alphonse alinong'ona. "Kila Jumamosi!"

Albertine alikunja ngata, akajitwisha sanduku, akatoka nalo mchana kweupe. Lilikuwa zito kuliko gunia la makaa. Nyuma yake hakusikia hata mtu mmoja akicheka.

*

Alimkuta Liévin barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu.

"Alikupa?" Liévin akashangaa. "Kalaba alikupa? Ulimwambia nini?"

"Ukweli."

Akatoa mguu mmoja majini. "Mbele ya nani?"

"Mbele ya bale banacheza dama."

"Alphonse alikuwako?"

"Alikuwako."

"Basi hata Likasi wanajua," akasema Liévin. Alianza kucheka, lakini kicheko kilimchoma ubavuni, akakiacha katikati. Hakusema neno tena mpaka chakula kilipotengwa.

Wala hakuhitaji kusema, maana mtaa ulisema kwa niaba yake. Kesho yake hakuna aliyekuja kunywa. Kesho kutwa alikuja mtu mmoja, akanunua sigara moja, akaomba apewe kwa kurushiwa. Jirani aliyekuwa ameazima viti vya msiba alivirudisha vimeoshwa, akaviacha nje ya ua bila kubisha hodi. Maini yakabaki kwenye makaa mpaka yakawa meusi. Albertine alijaza beseni maini mengine, akaenda kuyauza mtaa wa Kenya, ambako hakujulikana, na huko watu waliyasifu wakilamba vidole. Alirudi na beseni tupu na hasira ambazo hakujua azielekeze kwa nani.

"Ile mwaka ya Kolwezi," Liévin akaanza siku hiyo, macho chini, "nilipoenda kutafuta mbuzi..."

"Najua," akasema Albertine.

"Sijasema kintu."

"Najua vile unataka kusema. Siku moja nitakukasirikia muzuri, kwa nguvu zangu zote. Sasa hivi nguvu hizo niko nazitumia. Kula."

Akala, vijiko vichache.

*

Siku ya kazi, Docteur aliwaambia walete wenyewe glavu, pamba na mafuta ya mazout kwa ajili ya jenereta, maana umeme wa mji ulikuwa na tabia zake. Glavu walipata, pamba walipata. Mazout ilikosekana. Walifika hospitalini bila mafuta, wakakaa kwenye benchi, Jeanne muuguzi akawa anamnyoa Liévin nywele za kitovuni kwa wembe aliokuja nao mwenyewe.

Ndipo sauti ilipomtangulia mwenyewe ukumbini. Hortense alikuwa anakuja, bidoni, dumu zito, kichwani, anapumua kwa nguvu. Tangu habari isambae alikuwa hajakanyaga kwa mdogo wake. Alishusha bidoni, akaisukuma kwa mguu mpaka mbele ya Albertine.

"Mazout," akasema. "Nimeomba kwa wale madereva wa Kivu wanaopanga kwangu." Hakumtazama Liévin. Alikaa mwisho kabisa wa benchi, nafasi ya watu watatu katikati, akatoa rozari. Baadaye kidogo akasogea nafasi moja.

Wasaidizi wote walikuwa kwenye mgomo isipokuwa Jeanne, kwa hiyo Albertine alivalishwa koti na kuambiwa ashike kichwa cha mumewe na asiguse kitu kingine chochote. Liévin alichomwa ganzi karibu na kitovu, akabaki macho. Kwanza maji yalitolewa tumboni, ya rangi ya chai nyepesi, yakajaza ndoo.

"Angalau yangekuwa bia," Liévin akasema, "nimuuzie Kalaba."

"Papa, usichekeshe watu," akasema Docteur.

Kisha Jeanne akaanza kuminya mpira wa kupigia hewa, na tumbo lililokuwa limepungua likainuka tena, safari hii gumu na la mviringo.

"Minajaa kama tairi."

"Jikaze."

"Mama Lydie, nikipasuka, viti vya buvette ni vya Lydie."

Jasho lilikuwa linamtiririka, na mkono wake ulikuwa umeubana wa Albertine mpaka pete ikamkata. Bomba likaingia. Taa ya Kalaba ikakoroma kwenye kona yake, bila beseni jekundu. Docteur akainama, akaweka jicho kwenye kioo, akanyamaza. Nje jenereta ilikohoa mara mbili, mwanga ukafifia. Kisha ikapata nguvu tena. Docteur alikuwa bado ameinama. Albertine alitazama mgongo wa koti lake lililochakaa na kuomba kwa maneno ambayo hakuyajua kabla ya siku ile.

"Jeanne, koleo," akasema Docteur. Akakata, akatoa, akadondosha kipande kidogo ndani ya chupa ya dawa. Kisha akainua kichwa. "Mama, sogea. Mikono nyuma. Angalia."

Albertine akaweka jicho. Mwanzoni aliona wekundu tu. Halafu ini likajitokeza, pana, linang'aa, linapanda na kushuka kwa pumzi za Liévin. Aliyatambua maini, maisha yake yote ameyachoma. Lakini hili lilikuwa limetapakaa vipunje vyeupe, hapa na pale na kila mahali, kama kwamba mtu amepita akimwaga chenga za mahindi. Alikuwa ameishi na mtu huyu ujana wake wote, na hajawahi kumwona mpaka hapa.

"Ini ya mbuzi ikiwa hivi," akasema polepole, "minairudishia muchinjaji."

"Hiyo haturudishi," akasema Docteur, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Hiyo ni tuberculose. Nimeiona mara nyingi. Kipande kitakwenda kupimwa, tutapata uhakika, lakini mimi dawa naandika leo. Kansa haikai hivi. Na ini la pombe linakuwa gumu, na vinundu kama kokoto. Hili ni laini."

"Haiko la pombe?" Liévin akauliza kutoka kitandani.

"Hakuna pombe hapa."

"Sema tena. Kwa nguvu."

"Papa, tulia."

Liévin akajaza kifua hewa iliyobaki. "Yaya Hortense! Unasikia? Hakuna pombe!"

"Nasikia!" Sauti ya Hortense ilipenya mlango bila shida. "Nyamaza! Uko na chuma ndani ya tumbo!"

Kisha, kwa sauti ambayo Albertine hakuijua kuwa Hortense anayo, wakamsikia upande wa pili akilia.

*

Majibu ya kipande yalisema alivyosema Docteur. Masista wakatoa dawa, na dawa zikampa Liévin taabu yake: mkojo ukawa mwekundu, bukari ukanuka, wiki za kwanza alitapika hata maji. Docteur hakumdanganya. Tuberculose ingeondoka, alisema, sida ingebaki, na yeye hakuwa na dawa ya sida. Miaka mingapi, asimuulize. Liévin hakuuliza. Homa za jioni zilikatika kwanza. Kisha macho yakarudi meupe. Siku moja Albertine alimkuta jikoni amesimama, anakula mabaki ya sombe, majani ya muhogo, moja kwa moja kutoka chunguni, akatoka kimya ili asimharibie.

Wateja hawakurudi. Docteur aliibakiza taa hospitalini, na wagonjwa wengine wakaangaliwa. Kamalondo walijua hilo na bado walipita upande wa pili wa barabara. Albertine akawa wa soko la Kenya kila siku. Na siku ya kukasirika, aliyoiahidi, ilifika pia: alimkasirikia Liévin kuanzia asubuhi mpaka mchana, juu ya Kolwezi na yote, kwa sauti kamili, mpaka Hortense aliyekuwa uani akachukua viatu vyake akaenda nyumbani. Liévin alisikiliza yote. Baadaye aliosha vyombo.

Mwisho wa mvua, Kalaba akaingia. Ilikuwa saa ya jua kali, hakuna mtu barazani. Hakupitia mbele, alipitia mlango wa uani, kofia ya ngozi mkononi, akakaa kwenye kiti cha mwisho karibu na ukuta.

"Nipe bia, Mama Lydie."

Akamletea chupa na bilauri. Kalaba alifuta mdomo wa chupa kwa ukosi wa shati, akaifungua kwa meno, bilauri akaiacha.

"Muzee iko wapi?"

"Ameenda kwa masista, kuchukua dawa."

"Alipelekwa na nani?"

"Ameenda na miguu yake."

"Na miguu yake!" Kalaba akaweka chupa chini bila kunywa. Alikuwa amekonda kidogo usoni, au pengine ni kofia tu iliyokosekana. Akaanza kwa ile sauti yake ya ukumbini, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na muziki: "Mama Lydie, bibi yangu wa ndoa, Benita, tangu mwezi uliopita, tumbo yake..."

Akakwama. Albertine alimtazama. Nje, barabarani, wanawake wawili walikuwa wanapita na mabeseni, wanapunguza mwendo. Angeweza kumwacha aendelee. Angeweza hata kumuuliza, kwa sauti kubwa vilevile, mugonjwa gani, na akasubiri jibu huku mtaa mzima unasikiliza. Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi na lilikuwa tamu.

Akaenda kufunga mlango wa uani. Akavuta kiti, akakileta karibu na cha Kalaba mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akachukua ile bilauri, akaijaza bia, akaisogeza mbele yake.

"Sema polepole, ba Kalaba," akamwambia. "Bantu banapita."

Kalaba akaitazama bilauri. Kisha akaishika kwa mikono miwili, akanywa.